Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Tanga

Ndugu wanachama,

Assalaam aleikum, Bwana asifiwe, na poleni na joto.

Mkutano uliopita mlipitisha tusome mada moja mwaka mzima: je, hisabati inaweza kuielezea fahamu tukiichukua kuwa ndiyo msingi, si zao la ubongo? Kwa waliohofu tunaingilia mambo ya roho: fahamu hapa ni ile anayoipoteza mtu akizirai. Basi.

Tulianza na Giulio Tononi, mwanasayansi wa ubongo, aliyetoa nadharia yake ya fahamu mwaka 2004. Yeye haanzii kwenye ubongo. Anaanza na hisi yenyewe, kisha anauliza ni mfumo wa namna gani unaoweza kuibeba. Kipimo chake, fai, kinatazama kadiri mfumo mzima unavyozidi vipande vyake, kwa hiyo lazima uukate kila namna. Jumamosi moja pale Chumbageni tukamwaga vizibo vya soda mezani viwe vipande vya mfumo, tukahesabu njia za kuvigawa mafungu mawili. Vizibo 4 vina njia 7. Vizibo 5, njia 15. Mtunza hazina akataka 10. Alipofika njia ya sitini na kitu akavisukuma pembeni: "Hii si kazi ya mtu!" Jibu ni 511. Mnyoo mdogo C. elegans ana seli za neva 302. Idadi ya njia zake ni namba yenye tarakimu 91.

Donald Hoffman, mwanasaikolojia, na Chetan Prakash, mwanahisabati, (2014) wanakwenda mbali zaidi: ulimwengu ni mtandao wa wenye fahamu, kila mmoja akipokea, akiamua na kutenda kwa uwezekano wa Markov, yaani kinachofuata kinategemea hali ya sasa tu. Tukamweka ubaoni mvuvi wa Deep Sea: kaona wingu jeusi, uwezekano atoke 0.7, abaki 0.4. Tulibishana robo saa nzima kabla kijana mmoja hajasema mstari haujumliki kuwa 1, na uwezekano wote pamoja lazima uwe 1.

Kuanza na fahamu, kwa maoni yangu, si ujanja. Jiometri nayo inaanza na nukta na hatuidai ithibitishe nukta. Ila nukta imetulipa, tunapimia viwanja. Hoffman anatarajia fizikia itoke humo, na deni hilo bado. Tononi naye alibanwa na Scott Aaronson, mtaalamu wa sayansi ya kompyuta, mwaka 2014: gridi sahili ya saketi, isiyofanya lolote la maana, inaweza kupata fai kubwa mno. Tononi akajibu kwamba basi gridi hiyo ina fahamu! Nilicheka, kisha usiku sikupata usingizi.

Ada: mnaodaiwa mnajijua.

Mwakani napendekeza tuendelee na matriki, yaani majedwali ya namba. Vizibo viko kabatini kwangu, vimepungua viwili.

Mwenyekiti