Ziara ya Jumamosi: siku ya milango wazi chuoni

Habari zenu wapendwa. Jumamosi tukutane lango kuu saa mbili na nusu asubuhi. Kundi la kwanza la kutembezwa studio za kurekodia sauti linaingia saa tatu kamili, na nafasi ni chache.

Nawaomba sana, msivutwe na mikseri kubwa (meza ya kuchanganyia sauti) yenye taa nyingi. Ulizeni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anapata studio saa ngapi kwa wiki, na kama usiku anaruhusiwa kuingia. Mwaka jana nilitembelea chuo chenye vifaa vya kupendeza, kumbe wa mwaka wa kwanza hawavigusi kabisa! Iliniuma.

Mkiingia chumba cha kurekodia, pigeni kofi moja kisha msikilize. Sauti ikizimika upesi, kuta zimefanyiwa kazi. Ikibaki inadundadunda kama mlio wa bati, maikrofoni nayo itaunasa mdundo huo.

Hesabu na fizikia zipo, msizikimbie. CD hubeba sampuli, yaani vipimo vya sauti, 44,100 kwa sekunde kwa sababu sikio la binadamu hufika takribani hezi 20,000 (mitetemo 20,000 kwa sekunde), na sauti lazima ipimwe zaidi ya mara mbili ya hapo. Muulizeni mhadhiri awaeleze. Namna anavyojibu itawaonyesha kama anapenda kufundisha.

Njooni na hedifoni zenu na kazi zenu za sauti mbili tatu kwenye flashi, hata ambazo hazijakamilika.

Anayekuja aandike jina hapa kabla ya Alhamisi usiku. Mzazi au mlezi anakaribishwa pia.