Mwanangu, waage wenzako kabla hujapanda basi

Mwanangu,

Habari za Mbarara? Sisi hapa Bombo tuko salama, baba yako hajambo, mgongo umetulia kidogo, mvua imeanza kunyesha vizuri na maharage yetu ya nyuma ya nyumba yameota. Nilitaka kukupigia lakini mimi nikianza kuongea bando inaisha kabla sijafika kwenye neno lenyewe, kwa hiyo nakuandikia, usome polepole ukishatoka wodini na kula.

Juzi uliniambia ati ukimaliza mtihani wa mwisho utafunga begi usiku uondoke na basi ya kwanza ya alfajiri, hutaki mambo ya kulialia na mapicha. Nilinyamaza kwenye simu. Sasa ngoja kwanza nikuhadithie wikendi yetu ilivokuwa, alafu hilo tutalirudia.

Basi Mama Mkubwa, jirani yetu, ameondoka kurudi kwao Kitgum. Mzee wake karatasi zake za kustaafu zilitoka na nyumba ya baraki, ya kambi ya jeshi, unajua lazima iachwe, wewe umekulia humo humo, umeona lori ngapi zikipakia vitanda na magodoro pale getini. Lakini huyu si wa kupakia tu na kupungiwa mkono. Huyu ndo aliyekubeba mgongoni nilipolazwa, ndo aliyekufundisha kuosha vyombo bila kumaliza sabuni yote, na tangu nilipokuja hapa nikiwa bibi harusi sijui mtu yeyote, mimi Msamia wa Busia, yeye Mwacholi, Kiswahili cha jeshini ndo kilituunganisha mlangoni kwa mlangoni.

Sisi watu wa nigina, kile chama chetu cha wanawake cha kutunzana, unajua tunavofanya, zamu ya mtu ikifika tunampelekea masufuria, mabeseni, blanketi, gomesi. Safari hii Nalongo akasema hapana, masufuria anayo, tumfanyie mkeka kwa mikono yetu, mkubwa, wa kulaza wageni wote wa Kitgum. Tukakubali. Jamaa zake Nalongo wa kule kwenye kinamasi wakatuletea ukindu, yale majani machanga ambayo hayajafunguka bado, tukayachemsha, tukayaanika juani mpaka yakawa meupe, tukayachana kwa kisu kidogo na ukucha. Mengine tukayatia rangi, ile ya unga wanayouza kwa kijiko sokoni. Kila mmoja akachukua rangi yake akaenda kusuka ukili, ule mkanda mrefu wa kuunganisha mkeka, kwake, jioni jioni, kila mtu na nafasi yake. Mimi zambarau. Nalongo kijani. Hajati nyekundu na nyeusi, na ukili wake mwanangu ungeuona, umenyooka upana ule ule toka mwanzo hadi mwisho, mikono ya yule mama ni baraka.

Jumamosi asubuhi tukakutana chini ya mwembe wa Hajati kushona, maana kushona ndo kazi yenyewe. Unalaza kili mbili zikutane ukingo kwa ukingo, unachukua sindano kubwa ile ya magunia, uzi wako ni ukindu wenyewe uliolowekwa kwenye maji kwa sababu ukikauka unakatika, unapitisha chini ya pindo la huu, unakamata pindo la ule, unavuta. Ukivuta sana mkeka unajikunja haulali chini, ukilegeza unaacha matundu, kwa hiyo lazima wote mnaoshona mvute kwa nguvu moja, na hapo ndo tulikuwa tunaambiana, wewe legeza, wewe kaza, mpaka mikono ikazoeana.

Kuna yule mke wa luteni aliyehamia mwaka huu, mtoto mdogo tu, labda anakuzidi miaka miwili. Hakuwa amewahi kusuka. Ukili wake ulikuwa mwembamba hapa, mpana pale, na ncha zinachomoza kila mahali. Hajati akaushika akautazama, akasema kwa upole huu tuufumue. Yule binti akainamisha kichwa. Mama Mkubwa akauchukua kwenye mkono wa Hajati, akasema wekeni huu katikati, pale nitakapokuwa nakaa mimi. Na ukawekwa katikati, ilibidi tukunje pindo mahali fulani ili ushikane na wenzake, lakini umekaa. Rangi yake ni ya machungwa. Nimependa sana alichofanya Mama Mkubwa pale, sikusema kitu lakini nimekiweka moyoni.

Watoto nao hawakukaa bure, walikuwa wanatengeneza shanga za karatasi za kumpa mjukuu wake, yule mnene, maana na wao wanaachana na rafiki yao. Walikata kalenda za zamani na karatasi za mazoezi ya shule, unapiga rula unakata pembetatu ndefu nyembamba, unaanza kuviringisha kwenye kijiti upande ule mpana ukielekea kwenye ncha, ncha unaigandisha kwa gundi, shanga inatoka imenona katikati. Waligundua wenyewe kwamba rangi itakayoonekana ni ile ya pembeni na ya kwenye ncha tu, kwa hiyo wakaanza kutafuta kurasa zenye nyekundu pembeni na kugombania kalenda moja yenye picha ya maua. Vanishi tuliwapakia sisi, tukazitundika kwenye uzi wa kuanikia nguo zikauke.

Mchana Nalongo akapika matoke. Alianza kumenya mapema, akafunga kwenye majani ya mgomba, chini ya sufuria akapanga vile vikonyo vya majani, akaacha moto wa sigiri ufanye kazi yake pole pole, na mchuzi wa karanga na samaki mkavu. Hajati akafunika vyote na tabaga zake zile za Kinubi za rangi kali, akazipanga kwenye jamvi mpaka tukaona huruma kufunua. Tukala na mikono, wote, hata yule binti aliyekuwa anaona haya akasogea. Na Hajati akishashiba unamjua, akaanza hadithi za wazee wake, jinsi askari wa Emin Pasha, yule gavana wa Equatoria kule Sudan, walivochukuliwa na Lugard, yule afisa Mwingereza, mwaka 1891 wakaletwa huku, na wake zao na watoto na vyombo kichwani, mpaka vizazi vyao vikaja kukaa hapa Bombo. Akasema hakuna mtu wa Bombo ambaye ukoo wake haukuacha mtu nyuma mahali. Kila mtu akatulia kidogo pale, sindano zikasimama, alafu Nalongo akasema tule jamani matoke yanapoa, tukaendelea.

Jumapili baada ya kanisa Mama Mkubwa akasema leo nawapikia mimi. Tukamwambia mgeni hapiki siku ya kuagwa. Akasema mimi si mgeni hapa. Basi akapika malakwang, ile mboga chachu ya Kiacholi. Wewe unaipenda kuliko mimi, najua mate yanakutoka. Alichambua majani jana yake usiku, akachemsha, akamwaga maji ya kwanza kupunguza uchachu, akachanganya na odii, ile ya simsim na karanga aliyosaga mwenyewe, na viazi vitamu vya kuchemsha beseni zima. Yule binti wa luteni alikaa naye jikoni muda wote akimuuliza kila kitu, maji kiasi gani, odii inaingia lini, na Mama Mkubwa anamwonjesha kwenye kiganja. Nikawatazama nikajua ile jiko imepata mrithi.

Baada ya kula tukamkabidhi mkeka. Nalongo akaongea, Hajati akaomba dua, mzee wake akashukuru kwa maneno machache kama kawaida yake ya kijeshi. Alafu tukacheza ile sauti yako uliyotuma WhatsApp, mbele ya wote. Mwanangu. Alisikiliza, akaomba simu, akasikiliza tena ameiweka sikioni, akaenda nayo mpaka kwenye mwembe amesimama peke yake. Aliporudi ndo akaongea yeye.

Alisema hivi, nakuandikia nilivosikia. Alisema miaka ile ya tisini vita vya Kony na waasi wake vilipochacha kwao, walitoka kijijini usiku, na nguo walizovaa. Hakumuaga mtu. Kulikuwa na msichana waliyekuwa wanachota maji pamoja kila siku, wanasukana nywele, siku ile jioni waliachana kisimani wakisema kesho. Watu wakatawanyika, wengine kambini, wengine Gulu mjini, wengine huku kusini. Mwaka 2006 serikali na waasi walipotia saini kule Juba kusitisha vita na watu wakaanza kurudi mashambani kwao, yeye alituma watu wamuulizie, akauliza na mwenyewe, mpaka leo hajui yule msichana alipelekwa kambi gani wala kama yuko hai. Akasema nyumba iliyoungua nimeshaisahau, hilo la kisimani sijalisahau. Akasema kwa hiyo safari hii, mimi nilimwambia mzee, lori ikitaka ije lakini sipandi mpaka nimemshika kila mtu mkono na kumwambia jina lake na kumwambia asante ya kitu chake.

Na akafanya hivo kweli! Akazunguka mmoja mmoja. Nalongo akamshukuru kwa siku ya msiba wa kaka yake. Hajati kwa vidonge vya presha alivyokuwa anamnunulia mwisho wa mwezi. Yule binti, kwa ukili. Hata mwenye kioski cha mkaa aliitwa akaja na mikono yake myeusi akashukuriwa kwa kumkopesha mwaka mzima bila kelele. Kwangu mimi alipofika sitaandika alichoniambia, nitakwambia ukija.

Lori iliondoka saa kumi jioni, wakachukua ile barabara ya Luwero, walivuka Karuma usiku akanitumia meseji, na asubuhi walikuwa wameshafika. Nililia ndio, nikalia vizuri, alafu nikapika chai. Moyo haukuwa na kitu kilichobaki kinanichoma, maana kila kilichotakiwa kusemwa kilisemwa.

Sasa wewe mama yangu. Wewe hukimbii vita. Una siku, una nauli, una mdomo. Yule msichana wa Kasese aliyekaa na wewe usiku kucha ulipougua malaria mwaka wa kwanza, utamuacha amelala? Akiamka aone godoro tupu? Na yule mama anayeuza katogo, matoke ya kuchanganya, aliyekuwa anakuandika kwenye daftari mpaka nitume hela, na askari wa hosteli aliyekufungulia geti usiku ulipotoka zamu, na yule sista wa wodi uliyesema ni mkali lakini ndo aliyekufundisha kutafuta mshipa wa mtoto mchanga. Hao nenda kwao kwa miguu yako. Usiwatumie meseji ukiwa ndani ya basi umeshafika Masaka. Najua hupendi kulia mbele za watu, toka mdogo ulikuwa unajificha nyuma ya pazia, nakujua. Lakini kulia hakujamvunja mtu mguu, na wenzako wamekaa na wewe miaka, wana haki ya kukuona ukitoka.

Mimi ningekuwa wewe ningefanya hivi. Jumamosi ile baada ya mtihani kusanyeni hela kidogo mnunue matoke, huko Mbarara ndo kwenyewe, bei si kama hapa, mpike pamoja pale uani, mule mpaka jioni. Kama mnaweza kutengeneza kitu kwa mikono tengenezeni, hata shanga za karatasi, hizo noti za anatomia mlizomaliza kuzisoma si zimejaa chini ya kitanda, kila mmoja aondoke na kamba moja ambayo wenzake wote wameviringisha. Kitu kama hicho mtu hakitupi. Jumapili zunguka uage. Jumatatu ndo upande basi, tena ya mchana, ili wanaotaka kukusindikiza mpaka stendi wasindikize. Hizo siku mbili hazitakupunguzia kitu hapa, kitanda chako kipo na mimi nipo.

Hela ya matoke nitakutumia kwenye simu Ijumaa, usiende kukopa.

Kuna mzigo nimempa kondakta, utafika kesho kutwa mchana, nenda na kitambulisho chako. Ndani kuna makopo mawili ya odii ya Mama Mkubwa, lile kubwa lako, lile dogo la yule msichana wa Kasese, alilifunga mwenyewe na akaniambia nisisahau. Pia kuna kamba ya shanga kutoka kwa watoto, ile yenye maua ya kalenda, waliiokoa kwa vita. Kavera ya juu, ule mfuko wa plastiki, ni ya maembe, toa haraka yasiharibu vingine.

Na Mama Mkubwa mpigie jioni, si mchana, mchana yuko shambani anasafisha mahali pa kupanda simsim na simu anaiacha nyumbani.

Mama yako