Mtama wa shangazi

Kondoa, Novemba 9

Mpendwa Rehema,

Asalaam aleikum, wewe, shemeji na wale mapacha. Huku tu wazima, kuku ndio wamepukutika kwa mdondo. Najua nimekaa kimya tangu mazishi ya shangazi. Simu yako ya mwezi wa nane niliiona ikiita nikashindwa kuipokea, ningelia tu. Khitma ya arobaini ilikwenda vizuri, Mama Neema alipika kama unavyomjua, watu wakala na wengine wakafungiwa.

Nina shida ya mbegu, na katika watu wote ninaowajua wewe ndiye kazi yako hiyo.

Siku ya pili baada ya khitma tulisafisha jiko la shangazi. Darini, kwenye masizi, tukakuta vibuyu vitatu vilivyozibwa midomo kwa kinyesi cha ng'ombe. Cha kwanza kilikuwa cha uwele, fukusi wameumaliza, umebaki unga. Cha pili njugu mawe, chache na zimesinyaa. Cha tatu, Rehema, ni ule mtama mwekundu. Ule wa togwa! Ule ambao kwelea kwelea wanauonja, ukali wake unawashinda, wanahamia kwa jirani. Umechanganywa na majivu, na juu yake limelazwa suke moja zima, halijapukuchuliwa, limefungwa kipande cha kanga. Unakumbuka alivyokuwa akipita shambani kabla ya mavuno, anachagua suke moja moja, la katikati ya shamba na si la mpakani, analifunga kitambaa ili mvunaji asilikate? Hilo la mwisho hakuwahi kulipukuchua.

Mbegu zenyewe hazizidi kibaba kimoja. Nilihesabu punje 100, nikazifunga kwenye kitambaa kibichi, nikaziweka kando ya mtungi. Siku ya tano zilikuwa zimeota 61. Wewe mwenyewe ulitueleza kwamba kwenye benki yenu ya mbegu, uotaji ukishuka chini ya asilimia 85 ya ulivyokuwa mwanzoni, mbegu hurudishwa shambani zizaliwe upya. Hizi je? Kila msimu unaopita zinazidi kufa humo kibuyuni.

Kaka anataka tuzipande zote mvua zikianza tu. Anasema mbegu ni ya ardhini. Simpingi, lakini naogopa. Mvua ikianza halafu ikakatika Januari, tutakuwa tumemwaga kila kitu kwa siku moja. Nikikuletea zote, najua mtazikausha taratibu na kuziweka kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, zitadumu miaka na miaka, lakini hapa kijijini nani atakuja kuzijua? Watoto wa kaka hawajawahi kunywa togwa yake. Siku hizi karibu wote tunapanda Macia, ule mtama mweupe wa kisasa. Siusemi vibaya, ni mfupi, unawahi kuiva, na ugali wake mweupe unapendwa. Ila kwelea wakitua ndipo utakapowaona watu wamelala shambani na madebe.

Halafu kuna lile la zamani linalonikereketa. Wale waliokuja na gari wakati ule tuko sekondari, unawakumbuka? Wakachukua kibuyu kizima, wakaandika kwenye daftari, wakamwambia shangazi watarudi kumweleza walichokiona. Miaka yote hiyo akisikia gari anauliza, "Si wale wa mtama?" Hawakurudi. Sijui walikuwa wa wapi wala sisemi ni ninyi. Iliniuma kwa sababu aliwapa kwa mkono mweupe, hata senti hakuomba.

Lakini juzi usiku usingizi ulinikatika nikawaza: kama zile mbegu zilifika benki, basi huenda ziko hai kuliko hizi zangu! Si ulitusimulia wale watafiti wa kilimo wa ICARDA, vita ilipowatoa Aleppo kule Syria, mwaka 2015 wakachukua mbegu zao walizokuwa wameziweka kwenye ghala la mbegu la Svalbard kule Norway, wakazipanda upya Lebanon na Morocco? Basi na mtama wa mwanamke mmoja wa Kondoa unaweza kurudi nyumbani, hata kwa punje kiganja kimoja.

Kwa hiyo naomba unitafutie humo kwenye benki yenu Ngaramtoni. Kondoa, mtama mwekundu, mrefu kupita mtu, suke limefumbata na shingo imepinda. Kama haupo, ulizia Lusaka, si ndiko nchi za SADC zinakoweka nakala za mbegu zao?

Mimi nimefikia hapa: nusu nipande shamba la bondeni, nusu nikuletee. Na hiyo nusu nataka iandikwe jina lake, na namna alivyouotesha na kuusaga kwa togwa. Nimeshayaandika kurasa mbili, Mama Neema amenisahihisha pale penye kimea.

Je, nusu kibaba mtaipokea au ni kidogo mno? Niyapepete majivu au niyaache? Nianike tena au jua litaziua? Lile suke nalo nilipukuchue? Mkono unakataa. Na kaka akiuliza mbegu zikiingia huko ni za nani, nimjibu nini? Utakuja Desemba?

Nijibu kabla ya Alhamisi, dereva wa basi la Arusha amekubali kubeba kifurushi.

Akupendaye,
Zuhura