Risala ya wakazi wa kandokando ya kijito kwa Mgeni Rasmi, siku ya kupokea mchoro wa mfereji mpya

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya yetu;
Mheshimiwa Diwani wa Kata;
Ndugu Mwenyekiti na Ndugu Mtendaji wa Serikali ya Mtaa;
Wahandisi na wataalamu wa mazingira mlioambatana na Mgeni Rasmi;
Viongozi wa dini, wajumbe wa mashina, walimu na wanafunzi;
Wazee wetu, akina mama, akina baba na vijana wa mtaa huu;
Itifaki imezingatiwa.

Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Habari za asubuhi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa niaba ya kikundi cha mazingira cha wakazi wa kandokando ya kijito hiki, tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu. Tunajua ratiba yako imebana. Tumeambiwa pia kwamba umekubali kuacha gari kule barabarani na kuja kwa miguu, jambo ambalo wageni wetu wengi hulikwepa kwa sababu ya viatu. Kwa hilo tu, ahsante sana.

Kijito kinachopita nyuma ya jukwaa hili ni tawi dogo la Mto Msimbazi. Wakati wa kiangazi mtoto wa darasa la kwanza anakivuka bila kulowa magoti, na ndiyo maana mgeni akija kutafuta kiwanja mwezi wa nane hudanganyika kirahisi. Mwezi wa nne habari ni nyingine. Maji ya huku kwetu hayasimami peke yake: yanaingia Msimbazi, mto unaoanzia vilima vya Pugu kule Kisarawe, ukakata jiji la Dar es Salaam kwa kilomita 35 hivi hadi baharini pale Daraja la Salenda. Mvua kubwa ikikutana na bamvua, bahari inakuwa imejaa, mto haupati pa kumwaga, na tawi dogo kama letu linaanza kurudisha maji nyuma. Wazee wetu waliowahi kuvua wanalijua hili. Hutazama mwezi kwanza, kisha mawingu, ndipo wanaamua kama waanze kupandisha magunia juu ya kabati.

Historia ya mafuriko ya jiji hili unaifahamu, Mheshimiwa, nasi hatutaikariri yote. Desemba 2011 ilinyesha mvua ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema haijapata kuonekana Dar es Salaam tangu 1954, na watu wapatao 40 wakapoteza maisha. Waliotolewa mabondeni walipewa viwanja Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016 zikaja alama za X nyekundu na bomoabomoa ya Bonde la Msimbazi. Aprili 2024, katika mvua za El Niño, Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamefariki nchi nzima. Katikati ya tarehe hizo kubwa kuna mafuriko madogo ambayo hayafiki gazetini, yanayoingia saa tisa usiku, yakachukua unga, madaftari na godoro, kisha asubuhi yakaondoka kimyakimya.

Hayo madogo ndiyo tuliyoyawekea kumbukumbu. Kwenye ukuta wa nyumba ya mjumbe, kwenye nguzo ya umeme ya kona na kwenye ukuta wa choo cha madrasa, kila maji yakishuka vijana wetu wanachora mstari pale yalipofika na kuandika mwezi na mwaka. Tulichagua rangi ya bluu kwa makusudi. Mabondeni, mtu akimwona kijana na kopo la rangi nyekundu mbele ya ukuta wake, hamwulizi anachora nini, anaanza kuhamisha vitu. Mistari hiyo tumeihamishia kwenye ramani, na leo tutakukabidhi nakala. Hatukubuni ujuzi huo wenyewe. Tangu 2015 mradi wa Ramani Huria ulipita katika kata nyingi za jiji, wanafunzi wa vyuo na wananchi wakichora mitaro, nyumba na sehemu zinazofurika. Tuliona inawezekana, tukaiga.

Sasa, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuje kwenye mchoro. Tumeonyeshwa mchoro wa awali wa kukijenga kijito hiki kwa zege, na mtaa mzima umefurahi. Majirani zetu wa Mto Ng'ombe walijengewa wao chini ya DMDP, mradi wa kuboresha miundombinu ya jiji, na tulipokwenda kutazama tuliona tofauti. Hatutaki mtu yeyote aondoke hapa akisema wakazi wanapinga maendeleo. Tunalo jambo moja kubwa la kusema juu ya mchoro huu, na maombi yetu mengine yanalifuata: mfereji uanzie chini, usianzie juu.

Naomba nieleze. Kule chini, pale kijito kinapovuka barabara, kuna kalavati la bomba mbili za kipenyo cha sentimita 90. Nafasi ya bomba zote mbili kwa pamoja ni mita za mraba 1.3 hivi. Mfereji uliochorwa una upana wa mita 3 na kina cha mita 1.5, yaani mita za mraba 4.5. Wahandisi wapo hapa na watatusahihisha, lakini hesabu hii imepigwa na wanafunzi wa kidato cha pili na imetoka vilevile kila ilipopigwa. Tukijenga zege huku juu na kuliacha kalavati lilivyo, maji yatakayokuwa yanakimbia kwa kasi zaidi kuliko leo yatafika pale na kugonga ukuta. Watakaoogelea ni wenzetu wa upande wa kalavati, ambao leo hii maji huwafikia kizingitini tu. Na mchoro tuliouona unaishia mita chache kabla ya barabara. Tumeelezwa kwamba barabara ni ya mamlaka nyingine. Tunaelewa, lakini maji hayajui mpaka wa mamlaka.

Ombi letu la kwanza kwako, na kama muda ukitubana ndilo tunaloomba uondoke nalo, ni kuziita taasisi zote zinazohusika zikae meza moja: TARURA kwa barabara na mitaro yake, Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu kwa mto, DAWASA kwa majitaka, na Halmashauri. Kalavati litanuliwe kwanza, au angalau litanuliwe ndani ya mkataba huohuo. Si jambo geni. Mpango wa Bonde la Msimbazi wenyewe ulianza 2018 kwa vikao vya wadau, wananchi wakiwemo, kabla ya mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200 kupitishwa mwaka 2022.

Kuhusu kalavati lenyewe, masika iliyopita vijana wetu waliingia kulizibua. Walitoa godoro la sponji, makumbi ya nazi, mlango wa friji na chupa za plastiki zisizohesabika, lakini hivyo vyote vilikuwa juu juu. Chini yake bomba moja lilikuwa limejaa mchanga hadi zaidi ya nusu, umeshindiliwa hata sepeto haliingii. Watu wengi husema mafuriko ya Dar ni ya taka. Taka zipo, na tunakiri ni zetu. Ila adui mkubwa ni mchanga. Unatoka vilimani kunakokatwa miti na kuchimbwa kokoto, unatoka kwenye barabara za vumbi na kwenye viwanja vinavyosawazishwa, na hutua pale maji yanapopunguza kasi. Ndicho kilichotokea Jangwani: kitanda cha Mto Msimbazi kimepanda mwaka hadi mwaka, nafasi chini ya daraja ikapungua, na sasa linajengwa daraja jipya lililo juu zaidi.

Kwa hiyo tunaomba mchoro uongezwe bwawa dogo la kunasa mchanga hapa juu, karibu na uwanja wa mpira, na njia ya kijiko, ile mashine ya kuchimbua, kufika hapo. Njia ya kijiko haimo kabisa kwenye mchoro. Mfereji ukishazungukwa na nyumba pande zote mbili, mchanga utatolewa kwa ndoo, na kwa ndoo hautatoka. Baadhi ya wenye nyumba wa upande wa kushoto wameshakubali kurudisha uzio nyuma ili njia ipatikane. Majina na sahihi zao zimo kwenye bahasha.

Kuna mitaro midogo ya vichochoroni inayomwaga kijitoni. Kijito kikijaa, mitaro hiyo hugeuka na kuleta maji ndani, hata kwenye nyumba zilizo mbali na ukingo. Tunaomba kila mdomo wa mtaro uwekewe mlango wa chuma unaofunguka kwa maji ya kutoka na kujifunga kwa maji ya kurudi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tutasema na lisilopendeza mbele ya wageni. Mvua ikianza, wapo miongoni mwetu wanaotapisha vyoo. Hufungua tundu usiku, maji ya mvua yakapita nayo, na asubuhi watoto wanacheza kwenye maji hayohayo. Kipindupindu hakishuki kutoka mawinguni. Serikali ya Mtaa imepiga faini na kikundi kimepiga kelele, lakini ukweli ni kwamba gari la kunyonya haliwezi kuingia vichochoro hivi, na likiweza, gharama yake inamshinda mpangaji wa chumba kimoja. Mfereji wa zege utaharakisha kinyesi kumfikia jirani, hautakiondoa. Tunaomba bomba la majitaka lilazwe wakati uleule kingo zinapochimbwa, maana hakuna atakayekuja kuvunja zege jipya baadaye.

Linalowanyima wengi usingizi ni nyumba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka kingo za mto. Ikipimwa kwa kamba hapa, pande zote mbili, jukwaa hili, shule na nusu ya mtaa vinaondoka. Wapo waliojenga huku wakijua, hatuwatetei. Wapo walionunua kwa mashahidi na muhuri miaka mingi kabla ya sheria hiyo kutungwa. Na wapo ambao wao hawakuusogelea mto, ni mto uliowasogelea: kila masika unakula ukingo, na jiko lililokuwa hatua nyingi kutoka majini leo linaning'inia. Viroba vya mchanga na matairi tunayopanga huhimili msimu mmoja, pengine miwili.

Hatuombi kila nyumba ibaki. Tunaomba kujua mapema: nani anaondoka, kwa kipimo gani, kwa fidia ipi, na anakwenda wapi. Kule Bonde la Msimbazi fidia zimelipwa kabla ya majengo kubomolewa, na palipokuwa na malalamiko yalisikilizwa mezani. Mabwepande ilitufundisha pia kwamba kumpa kiwanja mama anayeuza samaki Kariakoo, mahali ambapo nauli ya kwenda na kurudi inakula faida yote, ni kumrudisha bondeni kwa mlango wa nyuma kama mpangaji. Wapo waliorudi. Mwaka mzima wa uvumi ni mbaya kuliko barua moja ya ukweli, kwa sababu anayedhani atabomolewa hafanyi ukarabati, hapandi mti, na hatoi hata mia tano ya usafi.

Upande wetu hatujakaa bure. Tumepanda mianzi na majani ya tembo kwenye ukingo wa juu. Shule yetu imewekewa mifereji ya bati na simtanki, na walimu wanafundishia hapohapo: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, hivyo paa la mita 100 za mraba, mvua ikinyesha milimita 60, linatoa lita 6,000. Hizo ni lita ambazo hazikukimbilia kijitoni siku hiyo. Vijana wa taka wanaomba msaada wako wapate mkopo wa vikundi unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya Halmashauri wanunue guta, baiskeli ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo, kwa kuwa gari la taka linaishia barabarani.

Ombi la mwisho ni fedha ya usafi. Tumeshuhudia mitaro ikizinduliwa kwa utepe na miaka michache baadaye majani yameota katikati. Fungu la kusafisha mfereji huu liingie kwenye bajeti ya kila mwaka kwa jina lake, na kazi ifanyike Februari kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli. Ikifanyika Aprili, itakuwa ni uokoaji. Kikundi kiko tayari kupewa kazi hiyo kwa mkataba na kukaguliwa.

Tunakushukuru wewe binafsi, Mheshimiwa Diwani aliyetupigania hadi mchoro ukapatikana, na wataalamu wote. Ramani, picha za mistari ya bluu na bahasha ya sahihi vitakabidhiwa kwako na mwanafunzi wa kidato cha pili, mmoja wa wale waliopiga hesabu ya kalavati. Ukiwa na swali, mwulize yeye. Kabla ya chakula tunakuomba ushuke nasi na wahandisi hadi pale barabarani ukaione bomba iliyojaa. Mabuti ya saizi mbalimbali yapo chini ya meza kuu.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wakazi wa kandokando ya kijito