Krismasi ya kwanza Maskati

Kwa wanangu mlioenda Omani kufanya kazi za ndani, hasa mnaosubiri Krismasi ya kwanza mkiwa huko,

Nawasalimu kutoka Marangu. Magari ya Dar yameanza kupanda mlima na mbuzi wanapanda bei kila wiki. Najua picha hizo zinawafikia kwenye simu, na najua mnazitazama usiku mkiwa mmejifunika shuka gubigubi. Nilikaa huko miaka tisa, Seeb kisha Ruwi.

Tarehe 25 huko ni siku ya kazi. Watoto wataamka wakitaka chai, na nguo za kupiga pasi zitakuwa palepale. Msidhani bosi amewanyima sikukuu makusudi. Hana habari nayo, kama wewe usivyojua Rajabu inaandama lini. Basi mwambie, tena mapema, siyo tarehe 24 jioni wageni wakiwa wameshaalikwa. Mimi mwaka wa kwanza nilinyamaza nikingoja niulizwe. Nikanuna siku tatu. Wakadhani naumwa, wakaninunulia dawa ya mafua.

Mwaka wa pili nilimweleza bibi wa nyumba, mama yake bosi. Alikuwa mzaliwa wa Unguja, mmoja wa walioondoka baada ya Mapinduzi ya 1964, na Kiswahili chake kilinishinda mimi wa mlimani. Akacheka: "Mbona hukusema, mwanangu? Sisi tumekua tukisikia kengele ya kanisa la Mkunazini, pale Unguja." Siku hiyo nilipika pilau, nyumba nzima ikala. Tena Iddi walikuwa wamenishonea dera! Hadi leo naona haya nikikumbuka nilivyowanunia.

Si kila nyumba ina bibi kama yule, nakiri. Ukinyimwa ruhusa tarehe 25, omba Ijumaa. Ruwi kuna makanisa, kwenye kiwanja alichokitoa Sultani Qaboos, na ibada za Ijumaa hujaa kwa kuwa watu wengi wako mapumzikoni. Wahindi na Wafilipino ni wengi kuliko sisi. Kaeni nao, imbeni hata kwa kubabaisha maneno. Ila kutoroka usiku kwenda kwenye pati ya mtu mliyekutana naye kwenye simu, hapana. Kafili, yaani mwajiri aliyekudhamini, akishapeleka taarifa kwamba umetoroka, hiyo ni kesi.

Halafu pesa. Nyumbani watawapigia: mbuzi, bati, viatu vya watoto. Tumeni mlichokipanga. Mimi mwaka mmoja nilituma mshahara mzima, ndugu zangu wakachinja mbuzi wawili badala ya mmoja, na Januari nikawa naosha nywele kwa sabuni ya vyombo. Hakuna aliyeniuliza kama nimebakiwa na kitu, wala mimi sikusema.

Siku yenyewe pigeni simu asubuhi, kabla hatujaenda kanisani. Kumbukeni sisi tuko nyuma yenu kwa saa moja. Mkingoja mchana mbege, pombe yetu ya ndizi, itakuwa imeshazunguka, na hamtapata mtu wa maana wa kuongea naye.

Mama yenu,
Marangu