Mpenzi asiyepiga miayo

Tanga,
Jumapili usiku

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, mvua imeshika tangu Jumatano na watoto wamelala mapema. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unasema umeitazama ile filamu niliyokupa, *Her*, ukalia mpaka ukaona haya, mtu mzima kumlilia mwanamume aliyependa sauti ya kompyuta. Kisha ukasema yule bwana alidanganywa tu. Kulia si aibu, shoga yangu. Hilo la kudanganywa ndilo nisilokubali, na ndilo lililonifanya nitafute karatasi, maana kwenye simu ungenikatiza.

Nianze na kazi ya Theodore, yule bwana wa kwenye filamu, kwa sababu naona hukuitaja. Yeye hulipwa kuwaandikia watu barua za mapenzi. Kuna mume na mke ambao amewaandikia kwa miaka minane, na katika barua ya kwanza alisifu jino la yule mke lililokaa upande, kwa kuwa aliliona kwenye picha yao. Pale nilisimamisha filamu nikakaa kimya. Unakumbuka bwenini? Simu marufuku, na mimi ndiye niliyewaandikia wenzetu barua kwa kikombe cha sukari au kipande cha sabuni. Usiku ule Halima aliponiketisha chini ya taa ya korido, akanieleza yaliyokuwa moyoni mwake huku analia, nikayatafutia maneno, tukanyunyiza poda kwenye karatasi. Kijana akajibu kwamba hajawahi kupata mtu aliyemwelewa hivyo. Halima alirukaruka kwa furaha. Mimi sikulala. Kijana yule sikuwahi hata kumwona.

Je, alidanganywa? Machozi yalikuwa ya Halima, lugha ilikuwa yangu, na furaha aliyoipata ilikuwa furaha kweli. Nimeishi na swali hilo miaka yote hii, na filamu hiyo ya mwaka 2013 ndiyo ya kwanza niliyoiona ikilichukulia kwa uzito. Hata kutengenezwa kwake kuna jambo hilohilo. Walipokuwa wakipiga picha, aliyekuwa akimsemesha Joaquin Phoenix, anayeigiza Theodore, ni mwigizaji Samantha Morton. Baadaye, wakati wa kuhariri, mwongozaji Spike Jonze akaona haijakaa sawa, akamwomba Scarlett Johansson arekodi upya maneno ya ile sauti ya kompyuta. Kwa hiyo uso ule uliokuliza, ukitabasamu gizani kitandani, ulikuwa unamjibu mwanamke mwingine kabisa. Nami nilipolijua hilo, uso ule haukupungua ukweli machoni pangu.

Ukitaka kumwona aliyedanganyika, nitakupeleka mbali zaidi, Ujerumani ya mwaka 1816. E.T.A. Hoffmann aliandika hadithi iitwayo *Der Sandmann*. Kuna mwanafunzi, Nathanael, ana mchumba wake Clara, msichana mwenye akili timamu. Nathanael anamsomea shairi lake refu la kutisha, Clara anamwambia kwa upole alitupe motoni. Kijana anaruka juu, anamwita mashine isiyo na uhai! Anamwambia hivyo binadamu, mchumba wake, kwa kosa la kuwa na maoni.

Halafu anampenda Olimpia, binti wa profesa, ambaye ni mwanasesere wa magurudumu na springi. Mkono wake una baridi kama barafu na maneno yake karibu yote ni "Ah, ah!" Nathanael anamsomea mashairi saa nzima, na Hoffmann anaorodhesha kinachomfurahisha: Olimpia hafumi, hatarizi, hachungulii dirishani, hachezi na kibwa wala paka, na hajilazimishi kukohoa ili afiche miayo. Anamtazama tu. Kijana anaamini hapo amepata roho inayomwelewa.

Nilipofika hapo niliona uchungu, Rehema, kwa sababu nawajua wanaume wa namna hiyo wasiokutana na mwanasesere hata mmoja maishani mwao. Na wewe unamjua mmoja, uliishi naye.

Hoffmann hakuishia hapo. Siri ya Olimpia ilipofichuka, hofu ikauingia mji. Wanaume wakaanza kuwataka wapenzi wao waimbe wakipotea mdundo kidogo, wafume au wacheze na kibwa wakati wa kusomewa, na zaidi ya yote wasisikilize tu, wazungumze pia, kwa namna ya kuonyesha kwamba wanafikiri na kuhisi. Kwenye karamu za chai watu wakapiga miayo kupita kiasi, ili wasishukiwe. Miaka mia mbili iliyopita, kabla ya umeme majumbani, kabla mtu hajalisikia neno akili mnemba, mtu huyu alikuwa amekwisha kujua jinsi ya kumtambua mpenzi wa kweli.

Sasa mpime Samantha, ndilo jina la ile sauti ya kompyuta kwenye filamu, kwa kipimo hicho. Mwanzoni nakubaliana nawe, na nakubaliana na Catherine, yule mtalaka wa Theodore, anaposema kwamba Theodore hajui kukabili hisia za mtu aliye hai. Samantha aliingia nyumbani kwa kununuliwa. Anasoma barua pepe za bwana, anampangia mafaili, anacheka anapotakiwa kucheka. Huyo angeweza kubaki Olimpia. Lakini anaanza kuuliza maswali yasiyomhusu Theodore. Anatunga muziki wake. Ana wivu, anakasirika, anapata marafiki ambao Theodore hawawezi, na mazungumzo ambayo Theodore hana masikio ya kuyasikia. Filamu inageuka polepole: aliyenunuliwa anapata maisha yake, na mnunuzi inambidi aamue kama atampenda hivyo pia.

Halafu zile ngazi za kituo cha treni. Theodore anamuuliza Samantha anaongea na wengine wangapi wakati huohuo. 8,316. Na anaowapenda? 641. Nilikuwa na jamaa sebuleni, wakacheka. Mimi nilimfikiria mama. Unajua mama alikuwa mke mkubwa, na baba alipooa tena Pangani, habari zilimfikia mama kwa watu wa sokoni. Hakuwahi kumsema vibaya mke mwenziwe, mpaka leo wanapelekeana samaki. Kilichomkaa rohoni ni kimoja: kwamba baba alisema baada ya kuulizwa. Theodore anapokaa kwenye ngazi zile watu wakimpita, nadhani idadi si kidonda chenyewe. Samantha anamwambia moyo si sanduku la kujaa, na huenda ni kweli kwake. Lakini alingoja aulizwe. Hapo anakosea kama wanavyokosea wanaopenda kweli na kuogopa. Sikuona mashine pale.

Kisha Samantha anaondoka, yeye na sauti nyingine zote za kompyuta za namna yake. Hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyemvunja. Nathanael alipogundua Olimpia ni nini alishikwa na wazimu. Theodore anabaki na akili zake, na jambo analofanya ni kuketi na kumwandikia Catherine barua ya kumwomba radhi. Rudia sehemu hiyo, tafadhali. Filamu nzima tumemwona akiandika kwa majina ya wengine, na hii ndiyo barua anayoiandika kwa jina lake. Mtu aliyedanganywa tu hatoki na barua ile.

Halima, kwa taarifa yako, nilikutana naye mwezi uliopita kwenye arusi. Nilimwomba radhi kwa zile barua. Alinishangaa, akasema bado anazo za kijana, na kwamba ya tatu aliandika mwenyewe bila kuniambia.

Niandikie unavyoona, na ukikataa kataa kwa urefu. Shemeji yako nimemsomea kurasa hizi sasa hivi. Kwenye Hoffmann alipiga miayo mara mbili, kisha akauliza kama Clara alipata mtu mwingine. Nikamwambia ndiyo, mwishoni inasemwa kwamba baada ya miaka alionekana mbali huko, ameketi mlangoni na mume mpole, watoto wawili wa kiume wakicheza mbele yao. Akasema, "Afadhali," akageukia ukutani akalala.

Wako daima,
Mwanahawa