Heri ya Pasaka kutoka Lamu

Bwana asifiwe wapendwa! Nawasalimu nyote mlioko Mokowe, Hindi, Mpeketoni, Witu mpaka Malindi, na nyinyi mliobaki kazini Mombasa na Nairobi mkakosa likizo, heri ya Pasaka, Kristo amefufuka kweli kweli!

Wiki hii nimekuwa nazisoma pole pole zile sura za mwisho za Injili na kitu kimoja kimenishika sana, kwamba waliompa Yesu moyo wote siku zile ni watu ambao hakuna aliyekuwa anawahesabu. Hata kuingia kwake Yerusalemu alipanda mwana-punda, na sisi watu wa Lamu punda tunamjua, ndiye huyo huyo anayebeba mchanga na simenti vichochoroni, hakuna anayempisha kwa heshima. Halafu yule mjane hekaluni, matajiri wanatia nyingi yeye anatia visenti viwili tu, Yesu akawaita wanafunzi wake awaonyeshe huyo mama manake alitoa hata ile ya kula. Na kule Bethania yule mwanamke aliyemmiminia Yesu marhamu ya nardo, yale mafuta ya kunukia ya bei kali, watu wakapiga hesabu pale pale, zaidi ya dinari 300, na dinari moja ilikuwa kibarua cha siku nzima, hebu fikirieni jamani, karibu mshahara wa mwaka umemiminwa mara moja! Wakamkemea, na hatusomi popote kwamba alijitetea. Yesu ndiye aliyemtetea.

Sasa wale Thenashara, wanafunzi wake kumi na wawili, je? Wako mezani, mkate ushamegwa, na Luka anasema wakaanza kubishana nani mkubwa kati yao, usiku ule ule. Mimi hapo huwa naacha kusoma kwanza, manake ni sisi kabisa, kwenye kamati, kwenye kwaya, kila mahali ubishi ni nani akae mbele na nani atajwe jina. Bwana yeye akavua vazi lake, akajifunga kitambaa, akatia maji kwenye beseni akawaosha miguu, kazi ya mtumwa. Petro alikataa mwanzo tunajua, lakini ninayemuwaza zaidi ni Yuda aliyemsaliti, kwenye Yohana 13 anatoka baadaye, kwa hivyo miguu yake pia ilioshwa na Yesu alikuwa anajua kila kitu. Hapo ndo pagumu jamani. Kumuosha anayekupenda hata mimi naweza.

Basi naomba Pasaka hii Mungu atupe moyo wa namna hiyo, wa kutoa bila kuangalia nani anaona. Na salamu za pekee ziwafikie nyinyi mnaofagia kanisa alfajiri, mnaochota maji, mnaobaki kuosha sufuria wenzenu wakishaenda nyumbani, na hamjawahi kuitwa mbele hata siku moja. Tunawapenda sana. Mlio karibu piteni nyumbani baada ya ibada, pilau ipo, na majirani zetu pia karibuni.